Miaka Minane ya Kupanga Vifaranga na Kunguru

Neema, aliyerithi kiti changu, ameniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Namshukuru kwa kudhani kuna ninachokumbuka. Mimi nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza ualimu, nilipofika umri wa kustaafu kwa hiari na hiari ikanijia siku hiyo hiyo. Mara ya pili ni juzi tu, pale kwetu Tegeta, kwenye kampuni ya mchezo wa gofu wa kwenye simu. Mara zote mbili nilipewa saa ya ukutani. Sasa nina saa mbili ukutani na hakuna mahali ninapowahi.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Cheo nilikuwa nacho kimoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, mwamuzi wa madaraja, na hakikukua wala hakikupungua. Nitaandika jinsi nilivyokaa miaka minane nikiamua nani ni kifaranga na nani ni kunguru, nani alinifundisha, na siku niliyowakosea watu wazima kumi na wanne kwa mpigo mmoja. Mwishoni nina ombi. Nawajua nyie, mtataka kurukia huko. Msiruke.

Siku ya kwanza nilipanda zile ngazi juu ya duka la vigae huku msumeno wa kukatia vigae ukilia chini, nikapiga hodi ambayo hata mimi mwenyewe sikuisikia. Deus ndiye aliyefungua. Mnamjua kama bosi. Mimi namjua kama mtoto wa darasa la sita, Temeke, aliyechelewa kumaliza kila zoezi la hesabu kwa sababu kila mstari alikuwa anaupiga kwa rula mara mbili. Alikuwa amerudi kutoka masomoni na wazo la kutengeneza gofu ya Kiswahili, na alinikumbuka kwa sababu mbali na hesabu nilikuwa refa wa mpira wa pete, na siku moja nilimtoa nje yeye akiwa mtazamaji.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Deus, mie gofu nimeiona kwenye televisheni tu, tena nikiwa natafuta rimoti."

"Ndio maana nakutaka. Wanaoijua wote wana marafiki mle ndani. Mie nataka refa asiyependwa na mtu."

Nikamwambia amefika. Akanipa simu nijaribu. Nilitia mpira majini mara kumi na moja, ya kumi na mbili nikautia mchangani, na kila mara simu ilisema "Jaribu tena" kwa sauti ya msichana mwenye furaha ambaye nimemchukia kwa miaka minane bila kumjua.

Madaraja yalikuwa matano, na Deus aliyapa majina ya ndege kwa sababu alisoma mahali kwamba wenye gofu yao wanapenda ndege. Chini kabisa Kifaranga, kisha Kunguru, Kanga, Kipanga, na juu kabisa Tai. Ni wazo zuri kwa mtu aliyekulia Bukoba mpaka darasa la tano. Sisi tuliozaliwa Msasani kabla mikahawa haijafika, ambao kunguru wametunyang'anya mandazi mkononi tangu utotoni, tungemwonya. Mwezi wa kwanza watu walikuwa wanakaribia kupanda daraja halafu wanafungwa kwa makusudi ili wabaki vifaranga. Mwanamke mmoja wa Kinondoni aliniambia kwa simu kwamba hajahangaika maisha yote ajenge nyumba yenye geti ili aje aitwe kunguru.

Lakini hata ukifaranga ulikuwa na kesi. Nimetunza barua ya mwenyekiti wa mtaa mmoja huko Temeke, yenye muhuri, iliyoandikwa juu, "YAH: KUITWA KIFARANGA HALI NINA WAJUKUU." Ndani alieleza kwamba hapingi kiwango chake cha mchezo. Anachopinga ni simu kulitamka neno hilo kwa sauti mbele ya wajumbe wa kikao. Deus alitaka tubadilishe majina yote. Nilikataa. Tungeanza kubadilisha, wiki ijayo kanga wangelalamika kwamba wanaonekana kitoweo.

Kwa wale wageni mlioajiriwa baada yangu, mtambo wenyewe si mgumu kuuelewa. Ukimshinda mtu, unapanda kidogo. Ukimshinda aliyekuzidi, unapanda zaidi. Ukifungwa, unashuka. Ukishinda sana unahamishiwa daraja la juu na kuanzia hapo unapambanishwa na watu wa huko. Faida yake ni moja, kwamba ukiingia uwanjani umkute mtu wa saizi yako. Karibu kila aliyenipigia simu alidhani daraja ni zawadi. Nilikuwa nawaambia ni namba ya kiatu. Ukivaa kikubwa kwa sifa, atakayeanguka ni wewe, na mimi nitakuwa nimekaa.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Faraji, na wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa amebeba mifuko ya fimbo za gofu kwenye viwanja vya mjini kwa miaka thelathini. Deus alimwajiri awaelekeze vijana wa kompyuta jinsi mpira unavyoviringika kwenye nyasi zenye umande. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora na mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani, na tulitukanana kihalali kuanzia dakika ya tano ya kufahamiana. Siku aliyoniona natia mpira majini aliniuliza kama kwetu majini ndiko tunakohifadhi mipira. Kila asubuhi tulianza na matusi ya robo saa kisha tukafanya kazi vizuri sana. Naona siku hizi mnaanza na kikao. Sijui kama mmepata faida.

Tatizo kubwa la miaka ile lilikuwa wajishushaji. Kila Jumapili daraja la Vifaranga lilikuwa na zawadi ya bando, kuwatia moyo wanaoanza. Basi watu wa daraja la Tai wakawa wanafungwa kwa makusudi wiki nzima, wanashuka mpaka chini, Jumapili wanachukua bando mbele ya vifaranga wa kweli. Nami sikuwa najua kutofautisha aliyekosa na aliyejikosesha. Faraji ndiye aliyenionyesha.

"Mie nimebeba mifuko ya watu wanaotafuta zabuni," alisema. "Anacheza na bosi mwenye kutoa zabuni. Mpira uko shubiri moja na shimo, hata kuku angeuingiza. Jamaa anaukosa, halafu anajikunja kwa uchungu kama kafiwa. Sasa sikiliza, Mzaramo, maana nitasema mara moja. Anayekosa kwa bahati mbaya hana maandalizi. Anayekosa makusudi lazima kwanza akae afikirie akose vipi."

Hiyo ndiyo kanuni yote. Mpira ukiwa shubiri moja na shimo, mtu wa kawaida anaupiga ndani ya sekunde mbili. Akikaa sekunde sita, saba, halafu akakosa, huyo yuko kazini. Nikachukua saa yangu ya refa, ile ya kubonyeza, yenye kamba ya kiatu badala ya mkanda, nikawa natazama marudio ya michezo huku nahesabu. Vijana wa kompyuta walicheka, wakasema mtambo unaweza kuhesabu wenyewe. Baadaye wakaufundisha kweli, na ukawa unaniletea majina. Lakini hukumu niliitoa kwa saa yangu. Neema, ile saa nimeondoka nayo. Usiitafute.

Nilikamata wengi. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Kinondoni, Tai kamili, aliyefungua akaunti ya pili kwa jina la mkewe ili ajishushe kwa nafasi. Nikaifungia. Kesho yake mkewe mwenyewe akapanda ngazi zetu. Hakuja kulalamika kufungiwa. Alikuja kuuliza kwa nini jina lake limefungwa na vifaranga mara nyingi namna ile na shoga zake wameona. Nikamwonyesha marudio ya mumewe akipiga mipira majini kwa kujitahidi. Akayatazama mpaka mwisho, akaomba nimtumie kwenye simu yake. Sikuuliza ya nini.

Kwa ushindi wa namna hiyo kichwa kikanivimba, na hapo ndipo nilipokosea.

Wiki moja mtambo uliniletea akaunti kumi na nne, zote za Bunju, kanga na vipanga wa viwango vizuri tu. Siku hizo, chini ya daraja la Tai, uliweza kumwita mtu yeyote kwa jina mcheze, na wote walikuwa wamefungwa tena na tena na mtu mmoja yule yule, aliyeanza kama kifaranga. Tena walifungwa kwa namna moja. Shimo la mwisho, mpira shubiri moja, sekunde saba, nane, kakosa. Mmoja alikaa sekunde kumi na moja halafu akaupiga mpira kinyumenyume. Nilicheka peke yangu. Nikasema hawa ni wajishushaji wamemtafuta mtu mmoja wa kumtupia mechi, nikawafungia wote kumi na wanne kabla ya chai ya saa nne. Sikumpigia hata mmoja simu. Kwenye mpira wa pete sikuwahi kupuliza filimbi bila kutazama pande zote mbili, na hapo nilitazama upande mmoja. Sikujiuliza huyo aliyewashinda ni nani, wala sasa yuko daraja gani.

Siku ya tatu walikuja wote. Nilisikia ngazi zinalia, nikatoka, nikakuta wanaume wazima wamepanga mstari bila kuambiwa, wafupi mbele, kama paredi ya asubuhi. Wa kwanza alikuwa na ndevu, kitambi na vumbi la chuma. Ni Baraka, fundi wa madirisha ya alumini, na ndiye aliyewasemea. Wakaniamkia mmoja mmoja, shikamoo kumi na nne, nami nikaitikia zote kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

"Mmefungiwa kwa kukosa makusudi," nikasema. "Mnabisha?"

"Hatubishi, Madam."

"Sasa?"

Baraka akawatazama wenzake. "Yule ni Mwalimu Shirima. Alikuwa mwalimu mkuu wetu. Sie wote kutufundisha kusoma ni yeye. Sasa mie nimfunge, halafu Jumapili nikutane naye kanisani nimwambie nini?"

"Umwambie shikamoo."

"Haitoki, Madam. Ukishamfunga, haitoki."

Mmoja wa nyuma akasema yeye siku moja alimfunga shimo moja kwa bahati mbaya, akampigia simu kumwomba radhi. Faraji aliyekuwa dirishani akaanza kukohoa ili asicheke. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujiona mjinga, na mtu akijiona mjinga huwa mkali, basi nikawauliza kwa ukali tatizo liko wapi. Akaunti nitawafungulia. Mwalimu anashinda, wao wana raha, waende nyumbani.

"Hatukuja kwa ajili ya akaunti zetu," Baraka alisema.

Ndipo nilipoelewa. Mtambo haujui heshima. Uliona mtu anawafunga kanga na vipanga kila siku, ukampandisha. Ndani ya miezi miwili Mwalimu Shirima, ambaye vidole vyake vilikuwa bado vinajifunza simu, akawa Tai. Na huko juu wanafunzi wake hawapo. Huko kuna watu wa Mwanza na Arusha ambao hawakuwahi kusahihishiwa daftari naye. Wakawa wanamfunga mashimo tisa kwa sifuri, kila siku, kisha wanamtumia kikatuni cha kucheka.

"Kaacha kutoka," Baraka akasema. "Kaenda kupimwa macho mara mbili, wanamwambia yako sawa. Sasa anasema ni akili inamtoka. Baba yake ilimtoka akiwa umri huo huo, akawa hawatambui wanawe. Mwalimu anadhani ndio imeanza. Kaanza kuandika majina ya wanawe kwenye karatasi."

Walitaka mtu akamwambie ukweli, na katika kumi na wanne wale hapakuwa na mwenye mdomo huo. Wakaona niende mimi, kwa kuwa sikuwahi kufundishwa naye.

Nilikwenda Bunju kesho yake asubuhi. Njia nzima nilikuwa natengeneza sentensi. Mkewe alinikaribisha sebuleni, makochi yana vitambaa vya kufuma, na simu ya Mwalimu ililazwa juu ya mto mdogo kama mgonjwa. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Nikamwamkia. Aliposikia nami nimefundisha, akaniita mwalimu mwenzangu, na sentensi yangu yote ikapotea.

"Nilikuwa mzuri," alisema. "Miezi michache tu nyuma, nilikuwa sifungwi. Vijana wangu wote hapa nilikuwa nawashinda. Sasa nafungwa kila siku. Kuna kitu kinanitoka, mwalimu mwenzangu. Macho wanasema mazima. Basi ni huku." Akagusa kichwa kwa kidole kimoja, taratibu.

Mimi nimewatoa uwanjani wanawake wenye nguvu kunizidi. Nimemwambia mwenyekiti wa mtaa kwamba yeye ni kifaranga na ataendelea kuwa. Pale nilishindwa. Nikasema, "Tucheze kidogo, niione hiyo simu inavyofanya." Tukacheza, yeye kwenye kochi lake na mimi kwenye langu. Tulifika shimo la tisa tukiwa nne kwa nne, maana kwa kweli sote wawili tulikuwa wabovu. Mpira wangu ukasimama shubiri moja na shimo. Nikamwangalia yule mzee alivyoishika simu kwa mikono miwili. Nikaukosa.

Akavua miwani.

"Umekaa sana na mpira huo."

"Nilikuwa napima."

"Mwalimu mwenzangu, mimi nimesimamia mitihani maisha yangu yote. Mtu anayejua jibu na hataki kuliandika namwona nikiwa mlangoni."

Akanitazama, kisha nikaona usoni kwake anarudi nyuma, mechi moja baada ya nyingine.

"Wangapi?" akauliza.

"Kumi na wanne."

"Na Baraka?"

"Na Baraka."

Mkewe alikuwa anasugua sufuria uani, tukawa tunamsikiliza. Halafu Mwalimu akasema, si kwa hasira, "Kwa hiyo sijawahi kumshinda mtu."

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote ya miaka minane. Pengine alishawahi kumshinda mmoja wao kihalali, pengine wawili, lakini heshima yao ilikuwa imefunika kila kitu, na mimi mwamuzi nisingeweza tena kuutoa ushindi wake ndani ya zile zawadi.

"Na kichwa changu?"

"Kichwa chako kizima. Si kimenikamata mimi sasa hivi?"

Akaanza kucheka, kidogo kidogo, halafu kwa nguvu, mpaka mkewe akaja mlangoni na sufuria mkononi kuona kuna nini. Alicheka huku machozi yanamtoka, na mimi nikageukia dirishani nikamwachia nafasi. Kile kikaratasi chenye majina ya wanawe kilikuwa juu ya meza. Alikikunja mara nne, akakitia mfukoni nyuma ya kalamu.

Alinipa masharti mawili. Arudishwe kwa vifaranga aanze upya, na wale vijana wake wamfunge. Jumamosi akawaita nyumbani akawaamuru mwenyewe. Wakajibu "Ndiyo, Mwalimu" kwa pamoja. Jumatatu wakamtupia mechi kama kawaida, ila safari hii wakakosa kwa sekunde mbili tu, kwa sababu walishaambiwa nilivyowakamata. Saa yangu ikawa haina kazi. Faraji alisema ndiyo faida ya elimu.

Dawa ilitoka kwenye kazi yangu ya kwanza. Nimesahihisha mitihani ya taifa. Karatasi haina jina, ina namba, na msahihishaji hajui kama anampa sifuri mtoto wa jirani. Nikamwambia Deus mechi za daraja zichezwe hivyo hivyo, namba kwa namba, majina yasionekane kabla wala baada. Anayetaka kumheshimu mtu kuna mechi za kirafiki, zenye majina, akose humo mpaka achoke, hazihesabiwi. Deus akasema watu hawatafurahi kuifunga namba. Faraji akamwuliza kama anadhani watafuta zabuni wangeukubali mchezo wa hivyo. Deus akafikiri sana, kama kawaida yake, kisha akakubali. Orodha ya nani ni namba gani ikawa inaonwa na mtu mmoja tu, mwamuzi wa madaraja.

Kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyeshuhudia, nikiwa na chai yangu, siku Baraka, aliyeshushwa na mechi alizozitupa, alipomfunga Mwalimu Shirima mashimo sita kwa matatu bila kujua. Na ni mimi peke yangu niliyeshuhudia, wiki mbili baadaye, Mwalimu akimfunga Baraka tano kwa nne. Sikuwaambia. Bado ni siri ya ofisi, msiitoe. Baada ya miezi miwili mtambo ukamtuliza Mwalimu mahali pake, na akanipigia.

"Mwalimu mwenzangu, naambiwa mimi ni kunguru."

"Kunguru."

"Halali?"

"Halali kabisa."

"Asante sana," akasema, akakata. Mpaka leo hajapanda wala hajashuka, na nadhani ndiye mtu pekee katika Dar es Salaam nzima anayejitambulisha hivyo kwa hiari yake.

Sasa ombi langu.

Siku ya kuniaga mlinifungulia akaunti, nami nikapewa namba yangu kama mtu yeyote. Tangu hapo nacheza kila siku saa nne asubuhi, nikishafua na kufagia. Wiki ya kwanza nikatoka kwa vifaranga. Ya pili nikaupita ukunguru hata bila kunyang'anya mtu andazi. Ya tatu nikawa Kipanga. Mimi, niliyekuwa naweka mipira majini. Nataka mjue kwamba nilifurahi. Nilimpigia dada yangu Msasani. Nilimwambia anayeniuzia mchicha, ambaye hajui gofu ni nini, akanipa hongera na fungu la ziada. Nilikaa nikawaza kwamba pengine kipaji kilikuwepo siku zote, ila kazi ilinibana.

Jumanne iliyopita tulikuwa shimo la tisa, mpinzani wangu kabakiza shubiri moja. Akakaa. Akakaa. Akakosa. Mkono wangu ulifungua droo wenyewe ukaitoa ile saa. Nikarudia marudio ya wiki tatu zote. Wengi wenu mmekosa kwa sekunde mbili, na kazi yenu ni safi, nawapongeza. Ila yule wa Jumanne alikaa sekunde kumi na mbili. Deus, huyo ni wewe. Tangu darasa la sita hujawahi kuwa na haraka. Na kwa kuwa orodha ya namba inaonwa na mtu mmoja, na mtu huyo sasa ni wewe Neema, sina haja ya kuuliza aliyewaonyesha yangu ni nani.

Sikukasirika. Nilikaa tu na simu mkononi, na nikajikuta nimesema kwa sauti, nyumbani peke yangu, maneno ya yule mzee wa Bunju, "Kwa hiyo sijawahi kumshinda mtu." Nilidhani nilimwelewa siku ile. Sikuwa nimemwelewa.

Neema, nirudishe kwa vifaranga. Nipe namba mpya na usimwonyeshe mtu. Nyie wengine mkikutana nami bila kujua, nifungeni, na mkinikuta dukani shikamoo itatoka tu, nitaisubiri hata kama ni nusu saa. Na kama bado mnaona vigumu, nitawaambia ya Jumatano.

Jumatano nilimpigia Mwalimu Shirima nikamwomba mechi ya kirafiki, yenye majina. Kipanga kwa Kunguru. Alinifunga mashimo saba kwa mawili. Shimo la tisa mechi ilikuwa imeshakwisha, lakini aliupiga mpira kutoka mbali na akauingiza, bila hata kunifikiria. Kisha simu ikalia.

"Pole, mwalimu mwenzangu," alisema. "Lakini hayo mawili ni yako."